Maswali ya Wasomaji: Waziri Bora wa Fedha, Bora kwa Nani?

Barua nyingi za toleo hili zinahusu tuzo za kimataifa za mawaziri wa fedha. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Redioni nimesikia waziri wa fedha wa nchi moja ya Afrika ametunukiwa tuzo na Benki ya Dunia. Benki ya Dunia inatumia vigezo gani? (Msomaji, Morogoro)

Haitumii vyovyote, kwa sababu haitoi tuzo hiyo. IMF nayo haitoi. Hizi ni tuzo za majarida, tena majarida yanayosomwa na watu wa mabenki. Yenye jina kubwa ni ya Euromoney, jarida la London lililoanza 1969, ambalo limekuwa likimtaja Waziri wa Fedha wa Mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. The Banker, la London pia na kongwe zaidi (1926), hutaja mmoja wa dunia nzima na mmoja kwa kila kanda. GlobalMarkets, lililokuwa likiitwa Emerging Markets, ni gazeti linalochapishwa wakati wa mikutano mikubwa ya fedha. Kwetu Afrika kuna jarida la African Banker, ambalo hafla yake hufanyika sambamba na mikutano ya mwaka ya Benki ya Maendeleo ya Afrika, ile iliyokuja Arusha mwaka 2012 na Nairobi mwaka 2024.

Kosa la redio linaeleweka. Mikutano ya mwaka ya Benki ya Dunia na IMF hufanyika Oktoba, miaka miwili mfululizo Washington na wa tatu katika nchi nyingine. Nairobi iliipokea 1973, Marrakech 2023. Kwa wiki moja mawaziri wa fedha wa dunia nzima wako mji mmoja, na wenye mabenki wamewafuata. Mwenye jarida hukodi ukumbi wa hoteli jirani na kugawa tuzo zake hapo. Ofisi ya habari ya wizara huandika kwamba waziri ametunukiwa "kwenye mikutano ya Benki ya Dunia", na ikifika taarifa ya habari ya saa mbili usiku, "kwenye" imeshageuka "na".

Mshindi hupatikanaje? Kuna mtihani, kura, au ni wahariri tu? (Mwalimu wa masomo ya biashara, Nakuru)

Mtihani hakuna, Mwalimu. Kila jarida lina utaratibu wake, ila kwa jumla wahariri huanza na orodha ya majina, huku wizara na mabenki yakiruhusiwa kupendekeza. Kisha hukusanya maoni ya wachumi wa mabenki, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji na wachambuzi wa madeni ya serikali. Mwisho wahariri, au jopo lao, huamua. Kinachopimwa ni miezi kama 12 iliyopita: nakisi ya bajeti, akiba ya fedha za kigeni, deni, mageuzi ya kodi, na namna nchi ilivyouza hatifungani zake, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji.

Tazama waliohojiwa ni akina nani. Ni watu wanaokopesha serikali au wanaowashauri wakopeshaji. Muuguzi hakuulizwa, mkulima wa korosho hakuulizwa, na mkandarasi anayedai hakuulizwa. Hilo haliifanyi tuzo kuwa ya uongo, bali linakuonyesha imepimwa kwa mizani ya nani. Wakopeshaji wana haki ya kumsifu mdaiwa anayewalipa kwa wakati, na mara nyingi wanaona mapema yale ambayo wapigakura watayaona baadaye.

Mfano mzuri ni India. Katikati ya 1991 akiba yake ya fedha za kigeni ilikuwa imebaki ya kununulia bidhaa za nje kwa wiki mbili tatu tu, na tani zipatazo 47 za dhahabu zilisafirishwa nje kuwekwa rehani. Manmohan Singh, aliyeingia Wizara ya Fedha Juni mwaka huo, alishusha thamani ya rupia mara mbili katika siku chache za Julai, akapunguza urasimu wa leseni za viwanda na kufungua biashara. Euromoney ilimtaja mshindi mwaka 1993, wakati huko nyumbani hoja ya kama aliiuza nchi au aliiokoa ilikuwa bado haijatulia.

Nigeria ya 2005 ni mfano mwingine. Waziri wake wa fedha, Ngozi Okonjo-Iweala, alishinda ya Euromoney mwaka ule ule nchi yake ilipokubaliana na kundi la wakopeshaji la Paris Club: katika deni la takriban dola bilioni 30, bilioni 18 zikafutwa na Nigeria ikalipa kama bilioni 12. Kabla ya hapo bajeti ilikuwa imeanza kupangwa kwa bei ya mafuta ya tahadhari, na pesa iliyozidi bei hiyo kuwekwa kwenye akaunti maalumu. Ndiyo maana pesa ya kulipia ilikuwepo. Hapo tuzo ililenga kitu unachoweza kukihesabu.

Nimesoma kwamba waliowahi kushinda baadaye walianguka vibaya. Je, tuzo ina nuksi? (Msomaji, Bukoba)

Nuksi haina. Ina kasoro ya kimahesabu: inapima mwaka mmoja, na mara nyingi mwaka mzuri. Waziri akishinda wakati bei ya bidhaa kuu ya nchi yake iko juu au mikopo ya dunia ni rahisi, sehemu ya sifa si yake. Upepo ukigeuka, lawama nayo si yake yote.

Australia imepitia hayo mara mbili. Waziri wake wa fedha, Paul Keating, alishinda ya Euromoney 1984, miezi michache baada ya serikali yake kuiachia dola ya Australia ijipangie thamani sokoni, Desemba 1983. Nyumbani, ambako waziri wa fedha huitwa mweka hazina, wakamwita mweka hazina bora duniani, wengine kwa sifa na wengine kwa kebehi. Uchumi ulipoanguka 1990 na 1991, jina hilo likamrudia kama deni. Mwaka 2011 zamu ikawa ya Wayne Swan, kwa sababu nchi hiyo ilivuka msukosuko wa 2008 bila mdororo. Alikuwa ameahidi bajeti yenye ziada kwa mwaka wa fedha wa 2012/13. Desemba 2012 akatangaza kwamba huenda isifikiwe. Je, wahariri walikosea? Hapana, ya 2008 yalikuwa ya kweli. Walichokosa ni ya mbele, na hayo hata yeye hakuwa nayo.

Alexei Kudrin wa Urusi alishinda 2010 na kufukuzwa kazi Septemba 2011, katika mvutano wa kisiasa. Ken Ofori-Atta wa Ghana alitajwa na The Banker kuwa bora Afrika kwa 2018. Desemba 2022 Ghana ilisimamisha malipo ya sehemu kubwa ya madeni yake ya nje. Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na korona, uchaguzi, gharama za kuondoa mabenki mabovu na nakisi kubwa. Ukisoma habari ya tuzo ya 2018 kama picha iliyopigwa siku ile, haina tatizo. Tatizo huanza inapobandikwa ukutani na kutumika kama hoja ya kukopa zaidi.

Ofisi yetu imepokea barua pepe kwamba bosi wetu ameteuliwa kuwa miongoni mwa "viongozi 10 bora wa uchumi Afrika". Wanataka jibu ndani ya siku saba. Tufanyeje? (Afisa habari, Dodoma)

Fungua viambatisho vyote hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kumpelekea bosi. Barua za namna hii zina umbo moja. Ukurasa wa kwanza ni hongera na nembo. Wa pili una picha za washindi waliotangulia, wengi wakiwa wameshika kioo chenye umbo la mwali wa moto. Wa tatu au wa nne ndipo penye "kifurushi": meza ya watu 10 kwenye hafla, mahojiano ya kurasa mbili, video ya dakika tatu, na haki ya kutumia nembo ya tuzo kwa miezi 12. Bei iko hapo, kwa dola au pauni. Zile siku saba zimewekwa makusudi, usipate nafasi ya kuuliza.

Wajibu kwa maandishi, kwa ufupi, uulize haya manne: nani waliomo kwenye jopo, kwa majina na vyeo, vigezo viko wapi na vilichapishwa lini, nani alipendekeza jina hili, na je, tusiponunua chochote, tuzo inabaki? Swali la nne ndilo linalotenganisha mchele na chuya. Majarida yenye heshima nayo yanafanya biashara, yanauza meza na matangazo na nembo, lakini jina la mshindi halibadiliki kwa sababu wizara haikununua meza. Ukijibiwa kwamba "uteuzi utathibitishwa baada ya malipo ya uratibu", hiyo ni bidhaa, na bidhaa za serikali zina taratibu zake za manunuzi.

Ofisi nyingi hupotelea hapa: malipo hayaandikwi "tuzo". Huingizwa kwenye kifungu cha matangazo, au cha mafunzo nje ya nchi, kisha tiketi na posho za watu sita zinaingia kwenye kifungu cha safari. Mkaguzi akija anakuta vifungu vitatu vya shughuli moja na hakuna anayejua jumla. Kama ofisi imeamua kulipa, iandike kwa jina lake, kwenye dokezo moja, lenye gharama yote pamoja na posho.

Na taarifa kwa vyombo vya habari iseme aliyetoa tuzo ni nani, tena katika sentensi ya kwanza.

Waziri wetu amesifiwa kwa nidhamu ya bajeti, lakini nimejenga madarasa na sijalipwa mwaka wa pili sasa. Mambo haya mawili yanakaaje pamoja? (Mkandarasi, Arusha)

Yanakaa pamoja vizuri kuliko unavyodhani, na inafaa kuona kwa tarakimu. Chukua serikali ya kubuni iliyokusanya shilingi bilioni 80. Imelipa mishahara, riba na matumizi mengine jumla bilioni 88. Imekopa 8. Nakisi yake kwa hesabu ya pesa taslimu ni bilioni 8, na wageni wanapiga makofi. Lakini katika mwaka huo wakandarasi na wazabuni wamekabidhi kazi na mizigo ya bilioni 12 ambayo haijalipwa. Nakisi halisi ni 20. Zile 12 zimekopwa kwako, bila riba na bila mkataba wa mkopo.

Hili linawezekana kwa sababu utekelezaji wa bajeti kwa kawaida huhesabiwa pale pesa inapotoka. Hati yako ya madai ikikaa kwenye trei ya mhasibu, kwa hesabu ya pesa taslimu hakuna kilichotokea. Mchumi wa benki aliyeko London anaona nakisi ya 8, anaona riba ya hatifungani imelipwa siku yake. Akilinganisha wakopaji, huyo ni mzuri. Riba ikicheleweshwa siku moja, habari inafika duniani kote kabla ya jioni. Lako likicheleweshwa miaka miwili, linajulikana nyumbani kwako na kwa fundi uliyemwajiri.

Kipimo kinachogusa jambo hili kipo, na kinaitwa PEFA. Ni tathmini ya usimamizi wa fedha za umma yenye viashiria 31, kila kimoja hupewa daraja kuanzia A hadi D. Ripoti zake hutolewa bure kwenye tovuti ya PEFA. Nenda moja kwa moja kwenye kiashiria cha 22, malimbikizo ya madeni. Nchi hupata A katika ukubwa wa malimbikizo kama hayakuzidi asilimia 2 ya matumizi yote katika angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyopita. B ni hadi asilimia 6, C hadi 10, na zaidi ya hapo ni D. Kisha angalia kiashiria cha 1, matumizi halisi dhidi ya bajeti iliyopitishwa: A ni kati ya asilimia 95 na 105, nacho kwa miaka miwili kati ya mitatu. Bajeti tamu inayotekelezwa kwa asilimia 80 haipati hata C. Soma pia tarehe ya ripoti, maana miaka kadhaa hupita kati ya tathmini moja na nyingine.

Kwa Tanzania, ongeza ripoti ya mwaka ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), ambayo Rais hukabidhiwa kufikia mwisho wa Machi na Bunge huwekewa mezani baada ya hapo. Tafuta sura ya madeni ya wazabuni na watumishi. Usiishie kwenye hati ya ukaguzi. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi kwamba ulilipwa, wala kwamba darasa lina thamani ya pesa iliyotumika. Kwa Kenya, taarifa za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti huonyesha bili ambazo hazijalipwa, kaunti kwa kaunti.

Ama kuhusu deni lako lenyewe: halilipwi kabla ya kuhakikiwa, na kinachoangusha wengi kwenye uhakiki ni karatasi. Weka pamoja mkataba au hati ya kuagiza, cheti cha kazi iliyokamilika kilichosainiwa na mhandisi wa mwajiri, hati ya madai yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, na barua za kukumbusha. Cheti kisicho na saini ya mhandisi aliyekuwepo wakati ule ni shida kubwa, hasa akiwa ameshahamishwa. Kipate mapema.

Waziri akishinda tuzo, riba ya mikopo ya nchi inashuka? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Kampala)

Haishuki kwa tuzo. Wakopeshaji hutazama tathmini za ukopeshekaji za Moody's, S&P na Fitch, uchambuzi wa IMF wa uhimilivu wa deni, na zaidi ya vyote riba za Marekani. Nigeria ya akina Okonjo-Iweala ilipata tathmini zake za kwanza mapema 2006, BB- kutoka Fitch na S&P, na hizo ndizo zilizofungua milango, si sanamu ya Euromoney.

Kenya inaonyesha uzito wa riba. Mwaka 2014 iliuza hatifungani ya miaka 10 ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 6.875. Februari 2024 ikauza nyingine ya bilioni 1.5 ili kulipia sehemu ya ile ya kwanza iliyokuwa inaiva Juni, safari hii kwa asilimia 9.75. Tofauti ni asilimia 2.875, yaani dola milioni 43 na ushei kila mwaka kabla mtaji haujaanza kurudishwa. Katika kipindi hicho riba ya benki kuu ya Marekani ilitoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na IMF ilikuwa imeshaiweka Kenya kwenye "hatari kubwa" ya kulemewa na deni mwaka 2020. Hakuna kikombe kinachofuta hayo.

Huku Dubai tulisikia waziri wa fedha wa Indonesia akiitwa waziri bora duniani. Hiyo nayo ni ya jarida? (Msomaji, Dubai)

Hiyo ni tofauti. Ilitolewa 2018 kwenye World Government Summit, mkutano unaoandaliwa na serikali hukohuko Dubai, na haikuwa ya mawaziri wa fedha pekee. Mwaka uliotangulia ilikwenda kwa Awa Marie Coll-Seck, waziri wa afya wa Senegal. Waziri huyo wa Indonesia, Sri Mulyani Indrawati, alikuwa pia na ya Euromoney ya 2006. Alijiuzulu 2010 katikati ya mzozo wa kuokolewa kwa benki moja, akaenda Benki ya Dunia, akarudi wizarani 2016, na akaondolewa Septemba 2025 baada ya maandamano makubwa. Tuzo zote mbili zilikuwa naye siku hiyo.

Kuna pesa ndani yake? (Msomaji, Kigoma)

Kwa tuzo hizi za majarida, hapana; ni cheti na sanamu. Huenda unaichanganya na ya Mo Ibrahim, ambayo ni dola milioni 5 zinazolipwa kwa miaka 10. Ile ni ya waliokuwa marais au wakuu wa serikali, tena walioondoka madarakani kwa taratibu halali ndani ya miaka mitatu iliyopita, na kuna miaka kadhaa haikupata mshindi. Utaratibu wa kumsubiri mtu atoke kwanza ungewafaa sana mawaziri wa fedha, ingawa sioni jarida litakalouza meza kwa ajili ya waziri mstaafu.

Sanamu yenyewe ni ya nani, ya waziri au ya wizara? (Msomaji, Mombasa)

Kwa Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri na ikabidhiwe kwa Serikali, isipokuwa sheria ya Bunge ikiruhusu vinginevyo. Waziri aliyesafiri kwa tiketi ya serikali, akapanda jukwaani kwa cheo chake, yumo ndani ya ibara hiyo. Sanamu iandikwe kwenye rejista ya zawadi ya ofisi akirudi. Siku anapokabidhi ofisi, mrithi wake aikague rejista hiyo pamoja na magari na kompyuta.